Hadithi Iliyoingia Kwenye Shali

Wanangu wa dukani, najua mlinikasirikia. Siku ile ya mwisho ya tamasha la nyuzi mlikuwa mmekaa kibandani kwenye viti vya plastiki, sindano zinakwenda, Mama Odette anawasomea kitabu, na mimi mtu mzima nikaangua kicheko mpaka machozi yakanitoka. Kitabuni hapakuwa na la kuchekesha. Bibi harusi alikuwa amepotea na mlango ulikuwa unagongwa. Mwanaisha akaniuliza kwa sauti ya kununa, "Bibi, unaicheka kofia yangu?" Nikasema siyo, nikashindwa kueleza, maana nikianza kucheka mimi sinyamazishiki. Leo nimekaa, chai iko pembeni, nitaeleza.

Halafu lipo na swali lenu jingine, lile mnaloniuliza kila mkija kunisalimia: "Bibi Zuhura, uliwezaje? Oda za kufuma, kibanda cha tamasha, duka la Xiaobei, na bado vitabu unavimaliza?" Mnauliza hivyo huku mmeshika simu, kama mnangoja niwape dawa ya kunywa asubuhi na jioni. Dawa sina. Nilichonacho ni habari ya shali moja jeupe, nayo inajibu maswali yote mawili.

Nianze na vidole. Nilipofika Guangzhou, hapa China, nikimfuata marehemu mume wangu, aliyekuwa wakala wa mizigo, nilijua kufuma vile wasichana wengi wa Tanga tulivyojua: vitambaa vya makochi, kofia za watoto, sweta la shule kwa ndugu aliyepelekwa Lushoto kwenye baridi. Nilifuma vizuri, ila nilifuma kwa macho. Kila kitanzi nilikikodolea kama askari wa getini. Jioni shingo inauma, macho yanawaka, na kitabu changu kiko chini ya mto wa kulalia hakijafunguliwa.

Aliyenitoa hapo ni Ayi Lan. Ayi maana yake shangazi, ndivyo tunavyowaita hapa wanawake waliotuzidi umri. Alikuwa na duka la nyuzi za jumla, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita meli, na chupa yake ya chai haikumtoka mkononi. Nilikwenda kwake kununua, nikakaa kwenye kigoda nikifuma huku nangoja mzigo ufungwe. Akanitazama, akavua aproni yake, akanifunika nayo mikono pamoja na sindano. "Bu yao kan!" akasema. Usitazame. Nilipoinua aproni kuchungulia, alinipiga kofi la mkono, dogo, la kimama.

Nilihangaika wiki nyingi chini ya ile aproni. Vitanzi vilidondoka, mistari ilipinda, na wateja wake walikuwa wakija kucheka. Kisha siku moja vidole vikajua vyenyewe njia, kama vile unavyojua ilipo swichi ya taa nyumbani kwako. Ayi Lan akaniambia kwa Kichina chake cha polepole, kile alichonihifadhia mimi, kwamba macho yangu sasa yako huru na nijue pa kuyapeleka. Nikayapeleka kwenye vitabu. Namshukuru mwanamke yule kwa mambo mengi, ila kwa hilo nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

Vitabu vya Kiswahili hapa havikuwa rahisi kupatikana. Tuliweka sharti Xiaobei, mtaa wetu sisi Waafrika: anayetoka Dar au Unguja asituletee halwa tu, alete na kitabu. Kikifika kinazunguka, kutoka hoteli hadi kwa wakala wa mizigo hadi kwa mama ntilie, na kikirudi kwako kina alama ya mchuzi wa kila mtu. Mimi nilikiweka kwenye kile kibao cha kuegeshea tableti jikoni, nikabana kurasa kwa vibanio vya nguo, na ukurasa niliugeuza kwa ncha ya sindano. Jaribuni. Mtachana kurasa mbili tatu za mwanzo, halafu mtazoea.

Tamasha nalo nililiingia kwa kichwa kama mbuzi. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga meza nzuri, nadhifu, imejaa kofia za watoto wachanga. Zote nyeupe. Kwetu mtoto huvishwa nyeupe tangu kichwani mpaka miguuni, na wateja wangu wa Kongo vivyo hivyo. Nikaona mabibi wa Kichina wanakuja, wanatabasamu kwa mbali, wakifika karibu wanageuza njia. Nilidhani ni rangi yangu, nikaanza kukasirika. Alikuja Ayi Lan akashika kichwa. Akanieleza kwamba sufu nyeupe kichwani huku kwao ni habari ya msiba, na mimi nimewatandazia mabibi wanaotafuta zawadi ya mjukuu meza nzima ya matanga. Alikimbia kununua uzi mwekundu, tukakaa wote wawili tukitia kila kofia shada jekundu juu. Mchana mabibi wale wale wakarudi, wakaanza "tai gui le, tai gui le", ghali mno, ghali mno. Mjue mteja akishaanza kulalamikia bei, amekwisha kupenda.

Sasa Odette. Nyinyi mnamjua akiwa bibi wa miwani anayewasomea, lakini alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa mwanamke wa mbio. Ni wa Lubumbashi, masista walimsomesha kwa Kifaransa, na kazi yake ilikuwa mikoba: asubuhi Shiling kwenye soko la mikoba, mchana kwa wakala, jioni anakula samaki Xiaobei huku anagombana na mtu kwenye simu. Kwangu alikuja kupumua. Akiona kitabu kwenye kibao alikuwa anasoma kwa sauti sentensi moja na kucheka. "Kiswahili yenu ya Tanzania iko na mavazi mingi," alikuwa akisema. "Yetu inatembea tu na shati." Lakini alikuwa haondoki mpaka amalize sura.

Siku moja alikuja hakucheka. Akafunga mlango wa duka.

"Mama Zuhura, binti yangu iko na mimba."

Nikasema alhamdulillahi. Akainua mkono kunizuia.

"Ya kwanza ilitoka mbele ya wakati. Nguo yote tulikuwa tumeisha kutayarisha, shali, soksi, yote. Nguo ikabaki ku sanduku, mutoto hapana. Binti anasema ni sisi tuliita mukosi." Akavuta kiti akakaa. "Sasa minataka shali ya kumupokea. Mais, lakini usiimalize. Fanya nusu mbili. Mutoto akilia, njo uunge."

Wapo watakaocheka. Mimi sikucheka, kwani kwetu Tanga pia wapo wasionunua hata soksi kabla mtoto hajatoka. Nikamwahidi. Nikachagua uzi wa pamba mwororo, kwa sababu ngozi ya mtoto mchanga haitaki sufu ya kuwasha, na nikachora nakshi ya matundu madogo. Nusu ya kwanza ikianzia ukingoni kuja katikati, nusu ya pili vivyo hivyo kutoka ukingo wa pili, zikutane tumboni. Nilipomaliza moja niliiacha kwenye uzi wa akiba, vitanzi wazi, nikaitia mfukoni. Ya pili nikaitia mfuko mwingine. Sikuzilaza pamoja hata mara moja. Kuzilaza pamoja ningekuwa nimelimaliza shali, na nilikuwa nimeahidi.

Wakati huo ndipo kile kitabu kilipokuwa zamu yangu, kile mlichosomewa nyinyi. Mnakijua kinavyoanza. Nusu nzima ni maandalizi ya harusi: mchele unachaguliwa, shangazi wanabishana juu ya viungo vya pilau, bibi mmoja anaeleza namna ya kukaanga vitunguu kwa kurasa ambazo mhariri mwenye huruma angezipunguza. Kisha bibi harusi anapotea, na kuanzia hapo hakuna pa kupumulia. Nilifuma na kusoma, nikasoma na kufuma, oda nyingine zikija na tamasha likikaribia. Nilijiona bingwa. Mshika mbili moja humponyoka, mimi nilikuwa nimeshika tatu na bado nazungusha kichwa kutafuta ya nne.

Tamasha likafunguliwa. Asubuhi ile ya kwanza, ukumbi umejaa, nimepanga mabonge ya uzi kwa rangi zake, namwona Odette anakata watu kwa viwiko, kilemba kimelegea.

"Mutoto analia!" alipiga kelele. "Mama Zuhura, nimemusikia ku telefone, analia muzuri! Ni binti!"

Tulikumbatiana mpaka bonge moja likaviringika likaenda kwa jirani. Alikuwa amekwisha kukata tiketi, angeondoka siku ya pili yake baada ya tamasha kufungwa. Muda upo, nikamwambia, kuunga ni kazi ya saa moja. Nikavuta mifuko miwili kutoka chini ya meza. Nikazilaza nusu mbili juu ya meza, kitanzi kwa kitanzi.

Hazikulingana. Idadi ya vitanzi ilikuwa sawasawa, nakshi sawasawa, lakini nusu ya pili ilikuwa imesinyaa. Ilianza kwa upana wake ukingoni, halafu ikabana, ikabana, mpaka huku katikati ilikuwa imepungua upana wa kiganja. Nikaivuta. Sufu ingekubali, sufu ukiilowesha na kuitandika kwa pini inasahau makosa yako. Pamba haisahau.

Odette aliketi juu ya boksi la nyuzi. Mikono yake iliyozoea kubeba mikoba ya watu mia ilikuwa imelala mapajani. "Hata hii imekataa," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Binti ataniuliza shali iko wapi, nitasema nini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mtoto alikuwa amezaliwa mzima, analia vizuri, na mimi ndiye niliyemrudishia mama yule ule mukosi wake mezani.

Ayi Lan akatokea na chupa yake ya chai, kama alivyokuwa akitokea kila tamasha kunikagua. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya ile nusu iliyosinyaa, mstari kwa mstari, kuanzia ukingoni kwenda juu. Theluthi ya njia akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akasimama tena pale pale.

"Hapa ulikuwa unafanya nini?" aliniuliza.

"Nafuma," nikasema.

"Na nini kingine?"

Nikaangalia. Karibu na pale alipoweka kidole palikuwa na doa dogo la manjano, la bizari. Nikakumbuka meza yangu, sahani ya wali pembeni, na ukurasa uliokuwa kwenye kibao. Ilikuwa ni pale shangazi anapofungua chumba cha bibi harusi na kukuta kitanda kimetandikwa. Kuanzia hapo nilikuwa nimesoma meno yamebana, na vidole vyangu, ambavyo havikuwa na mtu wa kuvitazama, vilikuwa vimebana pamoja nami. Hofu yote ya kile kitabu ilikuwa imeingia kwenye shali la mtoto.

Nilipomweleza, Ayi Lan alicheka mpaka akaweka chupa chini. Kisha akasema jambo ambalo hakuna darasa lingenifundisha: fumua mpaka hapa, halafu rudi ulipokuwa mwanzoni. Kitabu kiko wapi?

Kitabu kilikuwa ndani ya kikapu changu chini ya mkate. Nikakitoa, nikamwelekea Odette. "Nisomee pilau," nikamwambia.

"Nini?"

"Nusu ile pana niliifuma wakipika pilau. Nisomee hapo, mkono utarudi kwenye kipimo chake."

Odette alinitazama kama mtu anayepima kama rafiki yake amepatwa na homa. Kisha akavaa miwani, akafungua kitabu, akasoma. Mimi nikafumua. Pamba ilitoka imejikunja kama nywele zilizosukwa, nikaizungushia kitini kuinyoosha, nikaanza upya. Ayi Lan alimsukuma mteja wangu wa kwanza pembeni kwa nyonga, akaingia nyuma ya meza, akaanza kuuza. Kwenye kufuma hakunisaidia, na msidhani ni uvivu. Mkono wa mtu mwingine ni kipimo kingine, shali lingekuwa na watu wawili wanaogombana.

Basi ikawa hivyo siku zote zile za tamasha. Odette anasoma, mimi nafuma, Ayi Lan anauza kwa Kikantoni kwa kasi ambayo mimi nisingeiweza hata ningezaliwa hapa. Mtu akisema tai gui le, anamjibu kwa maneno ambayo mpaka leo sijayajua maana yake, lakini mtu huyo huyo analipa. Mabibi wakaanza kuvuta viti. Wakatoa kazi zao mifukoni, wakafuma, wakimsikiliza mwanamke wa Kongo akisoma Kiswahili ambacho hawakujua hata neno moja. Mmoja akamuuliza Odette hadithi inahusu nini. Odette hakuwa na Kichina cha kutosha zaidi ya cha sokoni, akasema, "Mifan." Wali. Bibi akatikisa kichwa kwa heshima.

Sura za pilau zikiisha, tukarudi mwanzo. "Encore vitunguu!" Odette alilalamika. "Mama Zuhura, hawa watu bado hawajakula?" Nilimkataza asiende mbele hata ukurasa mmoja. Alipojaribu kuchungulia alikopotelea bibi harusi, nilisikia kidole changu cha shahada kinajikaza chenyewe, nikampigia kelele arudi jikoni.

Alasiri ya mwisho, watu wakianza kukunja vibanda, nikazilaza nusu mbili tena. Odette hakutazama, alikuwa amefumba macho na midomo yake inasali. Zililingana.

Nilikuwa nimeshaingiza uzi mweupe kwenye sindano butu ya kuungia, Ayi Lan akanishika mkono. Akavuta kutoka mfukoni mwake uzi mwekundu. Jeupe tupu kwa mtoto, alisema, moyo wake hautulii. Nikamwangalia Odette, kwa sababu shali ni la kwake. Odette akagusa ule uzi. "Nyekundu, ni damu ya muzima," akasema. "Weka." Nikaunga katikati kwa nyekundu, mstari mmoja, kutoka upande hadi upande. Odette alilia, mimi nililia, na Ayi Lan alitugombeza wote wawili kwa kulilia pamba safi.

Mtoto yule sasa anakwenda shule. Odette anasema tangu akiwa mchanga alilala ameshika pale pale, kwenye mstari mwekundu, na hata leo shali likiwa limefifia na kuchoka, akiumwa huliomba. Binti wa Odette hakusema tena habari za mukosi. Ayi Lan alirudi kwao kuishi na mwanawe, na kila mwaka mpya hunitumia bonge moja jekundu, ingawa anajua vidole vyangu vimekwisha kunigomea na siwezi kufuma hata soksi. Ninaliweka dirishani. Nikiliona, namwombea.

Kwa hiyo mkiniuliza niliwezaje, jibu ni kwamba sikuweza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kibanda kilibebwa na Ayi Lan, kitabu kilibebwa na Odette, kwangu zilibaki sindano tu, na kwa mara ya kwanza nilizifanyia haki. Tangu siku hiyo sikujaribu tena kubeba zote peke yangu, na ndiyo maana nilipowaachia duka niliwaachia mkiwa sita na Odette juu yenu.

Na hili mlichukue kama ufundi, si mawaidha: kazi ya matundu ifumeni mkisoma vitabu vya utulivu. Vya mauaji na kukimbizana visomeni mkifuma soksi. Soksi iliyokazwa na hofu haitoboki kisigino.

Turudi kwenye kicheko changu. Mlikuwa mmekaa pale kila mmoja na kofia yake, Odette anasoma, nami nimeegemea mkongojo wangu sina kazi. Odette akafika pale mlango unapogongwa. Nikaona viwiko vyenu vyote vinasogea mbavuni. Mwanaisha akang'ata mdomo. Sindano zenu, ambazo zilikuwa zikigongana polepole kama vijiko kwenye vikombe, zikaanza kukwaruza. Kofia sita zikaanza kusinyaa mbele ya macho yangu, kitanzi kwa kitanzi. Odette naye aliinua macho juu ya miwani, akaona ninachokiona, akafunga kitabu kidole kikiwa ndani.

"Watoto," akawaambia, "turudi ku pilau."